Kupogoa Nyuma ya Dorkasi

Asubuhi ile Dorkasi alikunywa uji wa uwele amesimama, akasema umepikwa na mtu mvivu. Aliyeupika ni mumewe, Bartolomayo. Miaka thelathini na minane ya ndoa alikuwa hajibu maneno kama hayo, na uji ulikuwa unanyweka.

Wakaenda Makutupora kwa miguu. Ulikuwa msimu wa kupogoa mizabibu. Shamba lile zamani lilikuwa la serikali. Sasa lilikuwa la tajiri aliyelinunua na kumweka msimamizi aitwaye Cornel, aliyejifunza mizabibu kwenye makaratasi. Dorkasi alimwita "yule wa karatasi", hata mbele yake. Yeye alianza kupogoa Cornel hajazaliwa. Kila tawi aliliachia macho mawili ya kuchipua, basi, akapita.

Hivyo ndivyo watu walivyojua. Bartolomayo alijua zaidi. Misimu mitatu mfululizo mkewe alikuwa akiacha macho matano, sita, na matawi mengine akiyapita bila kuyagusa. Alikuwa akiburuta miguu. Alikuwa akisimama katikati ya safu kama mtu aliyesahau alichotumwa. Basi mumewe alimfuata nyuma na mkasi wake, akirudia kimya kimya, ili yule wa karatasi asipate la kusema. Cornel, na mashati yake yaliyonyooshwa kwa pasi, hakuona kitu. Hakuwa mtu wa kuona.

Saa nne mkasi ulimdondoka Dorkasi. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalala. Trekta la shamba likamfikisha mjini kabla ya saa sita, kwenye mojawapo ya zile kliniki zilizojaa mtaa wa Majengo tangu watu binafsi waruhusiwe kutibu. Mwenyewe ni daktari Optatus, mtu wa viatu vya kung'aa. Akasema ni kiharusi, wamewahi, dawa ipo, wakati wa mavuno mama atashika kikapu. Kisha akauliza kama kabla ya hapo alikuwa akisahau, akiyumba, akikosea kazi.

Bartolomayo aliviangalia vile viatu. Hakutaka mkewe adharauliwe na viatu.

"Mzima kabisa, daktari."

Basi Dorkasi akatibiwa kama mzima. Wiki ya kwanza akasimamishwa kwa fimbo. Wiki ya tatu akanyang'anywa fimbo. Akaanguka. Akasimamishwa, akaanguka tena. Optatus akamwambia mumewe kwamba mama huyu ni mvivu wa mazoezi. Mvivu, Dorkasi. Bartolomayo akaona huyu naye ni Cornel, ila amevaa koti jeupe.

Binti yao Elieth akawachukua wote wawili kwa treni hadi Dar es Salaam, mama akapigwa picha ya kichwa. Daktari wa huko, mama mmoja jina lake Anyesi, hakuwa na maneno mengi. Alionyesha palipoziba: padogo, kama punje ya mahindi. Kisha akaonyesha mabaka ndani, pande zote mbili. Hapo, alisema, ndipo zinapopita nyuzi zinazopeleka habari ndani ya ubongo, na presha imezila miaka mingi. Kiharusi kimekuta nyumba iliyokwisha kuliwa na mchwa. Mwenye nyuzi nzima, ubongo wake hutafuta njia nyingine ya kuuamsha mkono. Huyu njia hizo hana. Atapata nafuu kidogo, polepole, na fimbo asinyang'anywe.

Akauliza kama nyumbani hakuna aliyeona dalili.

Bartolomayo alikuwa amewadharau watu wengi maishani, lakini hakuwahi kumdharau yeyote kama alivyojidharau pale. Akasema yote: misimu mitatu, kufuata nyuma, uongo wa Majengo. Aliyasema akitazama sakafu, akidhani mkewe kwenye kiti cha magurudumu amesinzia.

Dorkasi aliishi mwaka na miezi miwili baada ya hapo. Alitembea kwa fimbo, na mkono haukushika mkasi tena. Maneno yake yakawa ya kuhesabu. Lakini siku ile, mbele ya daktari na binti yao, aliinua kichwa, akayatafuta moja moja, akamwambia mumewe:

"Baba Elieth, nilikuwa nakuona. Unapogoa vibaya."