Kitabu cha Mahudhurio cha Chumba cha Hesabu

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni Migori nilipewa kazi ya kusaidia wenzangu katika chumba cha hesabu. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya maktaba, chenye ubao mweupe, meza nne, rafu ya vitabu vilivyong'oka kurasa, na katoni iliyojaa mitihani ya miaka iliyopita. Mwanafunzi aliyekwama aliingia, akaketi, akaonyesha alipokwama. Akimaliza, tuliandika katika kitabu cha mahudhurio jina lake, somo na tarehe, na katika safu ya mwisho mimi nilijaza neno moja. Karibu kila mara neno hilo lilikuwa "Amesaidiwa".

Likizo ya Agosti ilipofika, wanafunzi wa kawaida walienda kwao, wakaja walimu wa shule za msingi waliokuwa wakisomea digrii wakati shule zao zimefungwa. Mmoja wao alikuwa mama kutoka kisiwa cha Mfangano. Alikuwa amepita miaka arobaini, alivaa sweta ya kijivu hata jua likiwaka, na daftari lake alikuwa amelijalidi kwa gazeti kama tulivyofanya sisi darasa la tatu. Yeye Mjaluo, mimi Mkuria wa Isebania, kwa hivyo tuliongea Kiswahili, kila mmoja na chake. Nilimwita Mwalimu. Yeye aliniita nyathina, yaani mwanangu.

"Nyathina, hapa mimi nimepotea kabisa," aliniambia siku ya kwanza. "Hii somo nimeanguka mara mbili. Nikianguka tena wananitoa."

Somo lenyewe ni lile la mwaka wa pili ambalo halina kukokotoa kwingi. Kazi yake ni kuthibitisha. Watu waliokuwa hodari wa hesabu tangu utotoni hufika hapo wakaona kama wameanza shule upya. Nilimwandikia ubaoni mfano ambao karibu kila mhadhiri huanza nao: moja ugawe kwa mbili, kisha moja kwa tatu, moja kwa nne, uendelee hivyo bila mwisho. Nikamwonyesha mistari ya kuthibitisha kwamba kikomo chake, yaani namba ambayo majibu hayo yanaikaribia daima, ni sifuri.

Alinyoosha kalamu kuelekea mstari wa mwisho.

"Lakini haifiki," alisema. "Hata ukigawa kwa milioni, kuna kitu inabaki. Sasa mbona tunaandika alama ya sawa?"

Lilikuwa swali zuri kuliko lolote nililoulizwa katika chumba kile. Somo hilo nililipita kwa kukariri, na hakuna aliyewahi kujua.

"Mwalimu, hilo halitoki kwenye mtihani," nikamwambia.

Nilivuta katoni, nikachagua maswali manane yaliyokuwa yakijirudia, nikampa pamoja na majibu yake. "Shika haya tu. Ukiyashika haya, utapita."

Alikuja karibu kila siku baada ya chakula cha mchana, akitembea kutoka mtaa wa Oruba alikokuwa amefikia kwa shemeji yake. Aliketi kando ya dirisha na kuandika uthibitisho mmoja baada ya mwingine bila kutazama. Mara nyingine kalamu ilisimama. "Na hii mstari imetoka wapi?" Nilimwambia aandike hivyo hivyo. Aliandika. Kisha alitia sahihi kitabuni kwa mwandiko mzuri wa mwalimu wa ubaoni, nami nikajaza safu ya mwisho. Nilikuwa namsaidia; hivyo ndivyo nilivyojiambia, na kwa kweli nilimpenda.

Mtihani wa mwaka huo ulitungwa na mhadhiri mgeni. Hakutaka watu waandike walichokariri. Alitaka waeleze kwa maneno yao kwa nini hatua fulani inafuata nyingine. Nilimkuta Mwalimu nje ya ukumbi, kwenye bomba, akinawa uso.

"Vipi, Mwalimu?"

"Nimeandika zile ulinifundisha," alisema. Hakulaumu. Alikuwa akinijibu tu.

Matokeo yalitoka Desemba, na alikuwa ameanguka. Alikata rufaa asitolewe, naye mkuu wa idara akaniita mbele ya kamati nikiwa na kitabu changu cha mahudhurio. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mwalimu alikuwa ameketi karibu na mlango, mkoba juu ya magoti.

Mkuu wa idara alifungua kurasa za Agosti, akashuka na kidole. "Huyu mama alikuwa anakuja kwako?"

"Ndiyo."

"Naona hapa kila siku umeandika amesaidiwa. Alisaidiwa?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema kwamba nilimpa majibu kwa sababu sikuweza kumfundisha, na kwamba aliuliza maswali ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayakimbia. Lakini muhula uliofuata nilitaka kubaki katika chumba kile, na watu hao watatu ndio waliokuwa wakichagua wasaidizi. Nilimtazama Mwalimu. Aliinamisha kichwa kidogo kunitia moyo, kama anavyofanya mwalimu mtoto akisimama mbele ya darasa.

"Ndiyo," nikasema. "Alisaidiwa."

"Basi chuo kimefanya sehemu yake," akasema mwingine, akafunga kitabu.

Walimwambia anaweza kuhamia kozi nyingine na kuanza mwaka wa kwanza. Aliwashukuru, akasema miaka hiyo hana. Huko nje alikumbuka kwamba alikuwa na vitabu viwili vya maktaba na hajui kama watafungua kabla hajaondoka. Nikamwambia nitamrudishia. "Ero kamano, nyathina," alisema, asante, akanipa vitabu na kushika njia ya getini. Katikati ya kitabu kimoja nilikuta vijikaratasi vyake. Kila kimoja kilikuwa na swali alilokuwa ameniuliza, na chini yake nafasi tupu.

Kazi ya chumba cha hesabu niliipata tena. Nilimaliza chuo, na sasa nafundisha sekondari nje ya mji wa Homa Bay. Mwaka jana tuliitwa mjini kwa semina ya mtaala mpya, walimu wa msingi na wa sekondari pamoja. Wakati wa chai nilimwona amesimama peke yake ukutani na kikombe chake. Alikuwa amekonda. Alinitambua kabla sijamfikia.

Niliongea kwa haraka, nisije nikarudi nyuma. Nilimwambia kwamba siku ile nilidanganya kamati. Kwamba hakusaidiwa.

"Nilijua," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba huyu mtoto hajui? Wangekutoa na wewe." Alikunywa chai. "Na mimi mwenyewe ndio nilikubali kukariri. Nilikuwa nataka kupita."

Nilimwambia kwamba siku hizi ninalielewa somo lile, kwamba nimelisoma upya peke yangu, na akitaka kujaribu chuo kingine nitakuwa naye kila wikendi, hata kwa simu.

"Hapana, mwanangu. Zamani nikiona hesabu mpya nilikuwa naskia njaa yake. Sasa hiyo imeisha. Niliomba mwalimu mkuu anitoe kwa hesabu ya darasa la juu. Nafundisha wadogo kusoma."

Tuliitwa ndani. Yeye alikaa na walimu wa madarasa ya chini, mimi na wa sekondari, na kikao kilipofungwa alikuwa ameshatangulia kwenda Mbita kuwahi boti ya Mfangano. Wiki iliyofuata nilimtumia ujumbe mrefu wa kuomba msamaha. Alijibu kwamba ameupata, na kwamba nisalimie nyumbani. Tangu hapo sijamwandikia tena.