Tao la Tatu la Eduviges

Dada yangu Eduviges, Mungu amlaze pema, alianza kupenda nyumba alipokuwa msichana wa kupiga pasi kwenye hacienda moja, shamba kubwa la matajiri, hapa Jalisco, Meksiko. Wenzake walitamani nguo za mabibi wa pale. Yeye alitamani ukumbi wao: matao yenye kivuli, vigae vyekundu sakafuni, na milango yote ikitazama uani.

Akaolewa na Fulgencio, fundi mwashi, wakapata kiwanja cha upana wa mita nane. Hata hivyo dada alitaka ua katikati, na matao matatu. Mawili yakajengwa. Kabla ya la tatu, Fulgencio alileta matofali ya saruji akayapanga uani.

"Najenga chumba," alisema. "Hapa tunalaza upepo, na watoto wanabanana."

"Watoto wataoa waondoke. Upepo utabaki na mimi."

"Mwanamke wewe, wenye hacienda wana ng'ombe mia. Sisi tuna kuku wanne."

"Basi hao wanne wakae kwa heshima."

Kesho yake dada alijaza udongo kwenye matundu ya matofali, akapanda miche ya maua, na kila mche akaupa jina la mtakatifu. Fulgencio akaja kuchukua tofali la kwanza.

"Chukua tu," dada alimwambia. "Ila huyo ni Mtakatifu Yosefu. Yeye naye alikuwa fundi."

Akalirudisha. Chumba hakikujengwa, tao la tatu halikujengwa, na maua yakachanua miaka kumi na tisa.

Bwana Mungu alimwita Februari iliyopita. Kwa siku tisa za rozari ya kumwombea, majirani walijaa uani na vikombe vyao vya kahawa ya mdalasini. Chini ya matao mawili palikuwa na raha. Palipokosekana la tatu, jua liliwachoma mabibi wa watu.

"Shemeji," nilimnong'oneza Fulgencio, "wale wanaungua."

"Nawaona. Miaka yote hiyo aliniambia."

Rozari ya mwisho ilipoisha, aliwahamisha watakatifu mmoja mmoja kwenye makopo, akachanganya saruji. Nilimpokeza matofali, mizizi ikiwa bado imeng'ang'ania ndani. Tao lilisimama, likapakwa chokaa, likatoka limepinda kidogo.

"Mwashi mzima huna timazi ya kunyooshea?" nikamtania.

"Nyamaza, shemeji. Mwenye tao hajalalamika."

Akavuta kiti cha dada kivulini, akakaa. Kuku wa sasa, nao wanne, wakamfuata.