Gari Lililosahau Kusindikiza

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki hata nikiwa katikati ya kicheko. Na wewe wajua ninavyocheka: nikicheka hapa Kibomet, Kitale, ng'ombe wa Suam, kule mpakani, huinua vichwa. Lakini siku hiyo ikinijia, kicheko hunikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jana nilikukuta umeinamia injini ya gari kuukuu uliloachiwa na marehemu ndugu yangu, mkononi una kamshafti ya magari ya mashindano. Sikukukataza. Nilikaa juu ya tairi, ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nimerudi njia ya Cheptais, kwenye matope.

Ujana wangu niliutumia hapa Kitale: mchana nashika spana, jioni nashika kalamu kwenye masomo ya watu wazima. Nilipopata cheti nilitembea kifua mbele mpaka vifungo vya shati vikaomba likizo. Baba alikuwa na pikapu ya Pijo huko nyumbani, chini ya Cheptais. Ilibeba viazi, maharusi, wagonjwa na maiti wa kijiji kizima, nayo ilikuwa tulivu kama ng'ombe wa maziwa. Ila haikuwa na mbio. Siku aliponiletea niirekebishe vali, mimi na rafiki yangu Kimani, ambaye wazee wake walihamia Trans-Nzoia zamani, tukaona Mungu ametufungulia mlango.

Kimani alikuwa amepata kamshafti kutoka gari la mashindano lililopinduka. Hicho ndicho chuma kinachoamua vali zifunguke lini na zikae wazi kiasi gani, nawe wakijua. Tukaifunga. Ile ya zamani niliipeleka nyumbani nikaipigilia ardhini, iwe kigingi cha kufungia ndama. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Kila tuliposimama, injini ilizimika. Kimani akapanua njia ya petroli kwenye kabureta, mimi nikawahisha moto wa plagi, kisha tukaipandisha injini ngurumo mpaka ikakubali kusimama bila kufa. Ilitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Lakini ukikanyaga mafuta! Barabara ya Kitale kwenda Bungoma tuliikunja kama mkeka.

"Sikia hiyo, bana! Hii ni gari ama ni simba?" Kimani akapiga kelele.

"Lakini mwendo wa chini inasumbua," nikasema.

"Na nani anaenda mwendo wa chini? Si ni wazee na ng'ombe!"

Tukacheka. Baba naye, kwa kuwa mwanawe alikuwa na cheti, hakuuliza.

Kukhu, bibi yangu aliyenilea, ndiye aliyeuliza. Nilikuwa namtoa kliniki, gari likawa linaruka-ruka kila nikipunguza mwendo. Akaushika mlango kwa mikono yote miwili.

"Mjukuu wangu, hii gari inakimbizwa na nani?"

"Hapana Kukhu, ni nguvu tu."

"Mimi nimekimbizwa maisha yangu yote. Na njaa, na ndoa, na mashamba ya watu. Siku yangu ikifika, mnipeleke polepole. Nataka nisikie nyimbo."

Nikamwambia yeye ndiye atakayetuzika sisi wote. Ndivyo vijana tunavyowajibu wazee tusipotaka kusikia.

Alituaga msimu wa mvua. Kutoka chumba cha maiti Bungoma gari lilikwenda vizuri, lami haina neno. Tulipofika soko letu, watu wakatoka. Wajua desturi yetu: waimbaji hutangulia kwa miguu, gari la maiti hufuata nyuma yao hatua kwa hatua hadi nyumbani. Wakaanza kuimba, nami nikaingiza gia ya kwanza.

Gari likaruka. Likazimika. Nikaliwasha, likapiga mshindo kama bunduki, kina mama wakatawanyika wakishika vichwa. Nikacheza na klachi mpaka ikanuka. Kila liliporuka, nyuma yangu nilisikia jeneza likigonga bodi: ko, ko. Kimani, kando yangu, alikuwa anaangalia magoti yake. Maji yakachemka, mvua ikaanza, na mlima ulikuwa bado mbele.

Baba akaja dirishani. "Utaweza kwenda polepole ama hutaweza?"

"Baba, likienda polepole litakufa hapa kwenye matope."

Akatazama mvua, akatazama jeneza. "Basi nenda."

Nikaenda, mwanangu. Nikakanyaga, waimbaji wakaruka mitaroni kunipisha, na simba wetu akaupanda mlima akinguruma. Kukhu aliingia kwake kwa mbio, uani hamna mtu ila wapishi na kuku. Nikazima injini. Wimbo ulikuwa mbali huko chini, na mvua ikiukatakata.

Wa kwanza kufika alikuwa senge, dada ya baba, matope mpaka magotini. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia.

"Hii gari mmeifundisha kukimbia," alisema. "Kusindikiza mlimwachia nani?"

Kisha akaweka mkono juu ya jeneza, akauanza wimbo upya, peke yake, sauti imemkauka.

Asubuhi baada ya maziko, nilimwona baba aking'oa kile kigingi cha ndama, kamshafti yetu ya zamani. Alikifuta kwa gunia, akakigeuza. Kutu ilikuwa imekila. Akakirudisha palepale, akakipigilia, akamfunga ndama wake.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sikuambii uitupe kamshafti yako, mwanangu. Nakuambia usilisikilize gari likiwa tupu kwenye lami, marafiki wakishangilia. Lipakie mzigo, lipeleke mlimani, uliombe litembee nyuma ya bibi kizee. Likishindwa, rekebisha tena au rudisha cha zamani, na ndiyo maana chuma unachokitoa leo ukipake grisi ukiweke ndani. Na mzee akikuomba jambo dogo, usimjibu kwa mzaha. Huenda hana jingine atakaloomba.

Mungu akupe nguvu ya kupanda na utulivu wa kungoja. Akuzeeshe mpaka wajukuu wakuchoke. Na siku yako ikifika, wanaokuimbia wawe mbele ya gari, asiachwe hata mmoja nyuma kwenye mvua.