Wimbo wa Theluji wa Mama Timareta

Timareta wa Tanagra, mji wa Ugiriki ya kale, hakuwa na shamba wala mume. Alipata riziki kwa sauti yake. Mamake alimwachia wimbo wa kutuliza moto mwilini, na kwa miaka thelathini wafinyanzi wa mtaa wakiungua walimwita yeye. Alikuwa akiinama juu ya jeraha na kunuiza, midomo ikicheza, neno lisisikike.

Na mtu akinuiza, nani ajuaye anachosema? Wimbo wa kusagia shayiri unajulikana, wa kumlilia maiti unajulikana. Ule wa Timareta, ukiitazama midomo, ulikwenda mapigo sita mazito kila mstari kama sala ya hekaluni, lakini laana nazo huenda hivyo hivyo.

Plathane, mke wa Onasimo mfinyanzi, aliwahi kumnyima mtungi. Tangu hapo tanuri lao likapasua vyombo mara mbili. "Hupita kwangu akinong'ona," aliwaambia wenzake kisimani. "Nyie mnadhani anatafuna zeituni?"

Kisha Onasimo akaungua mkono wa kulia, mkono wenyewe wa kazi. Ikabidi Plathane amwite yule yule.

"Imba kwa sauti," alimwambia mlangoni. "Nisikie kila neno."

"Mwanangu, wakishayajua wote, nani ataniita? Nitakula nini?"

"Basi una la kuficha, mama."

Onasimo akaguna kitandani. "Mimi naungua, nyie mnabishana kama mko kwa muuza samaki."

Timareta akautazama mkono; malengelenge yalikwisha kuvimba. Akamwonea huruma, akaimba waziwazi: theluji ishuke mlimani, iulaze moto kama mama amlazavyo mwanawe. Hamkuwa na jina la mtu wala laana. Onasimo akashusha pumzi, akasinzia.

"Umeruka maneno," alisema Plathane.

"Sikuruka."

"Nitajuaje?"

Mkono ukapona. Lakini Plathane aliwaimbia wenzake kisimani, na kufika mavuno kila mwanamke mtaani aliimba theluji, na mlango wa Timareta haukubishwa tena. Alikuwa akila majani ya porini Plathane alipomjia, macho chini.

"Dada yangu kamwagikiwa na supu ya dengu. Nimemwimbia tangu asubuhi, analia tu. Ulinificha nini?"

"Sikukuficha kitu, mwanangu. Lakini ulikuwa unamwimbia yeye, au ulikuwa unanichunguza mimi?"

Plathane aliinua uso. Alimkazia macho, hakuamini hata kidogo.

"Twende ukaimbe wewe," alisema mwishowe. "Ila nitakaa karibu."

Timareta akajitanda shuka yake, akatangulia.