Viatu Mkononi, Gendabi

Mhandisi wa nyumba, binti mwenye adabu, alinikabidhi kishikwambi chake kiwanjani kwangu Gendabi. "Mzee, tazama nyumba yako."

Kwa macho niliona matope na mabua ya mahindi tu. Kwenye kioo, palepale juu ya matope, ilisimama nyumba nzima yenye vigae vinavyong'aa. Nikausogelea mlango, nikavua viatu, nikaingia.

Mama yangu, aliyetusindikiza, akashangaa. "Mwanangu, mbona unakanyaga matope peku?"

"Nisichafue vigae, mama."

Mhandisi aligeukia pembeni, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha akaeleza kwamba chombo hicho humwonyesha mteja makosa kabla msingi haujachimbwa.

Kimefanya kazi yake. Kosa la kwanza kuonekana lilikuwa mwenye nyumba, viatu mkononi.