Folda Niliyoiita Takataka

Leo asubuhi nimesafisha kompyuta ya studio. Mchana nimemliza mjane wa watu.

Mnanijua. Wimbo ukikamilika nauhifadhi vizuri. Vipande nilivyokata, vikohozi, kelele za kuku, vyote naviweka kwenye folda moja, nimeiita "Takataka".

Leo nikaifuta yote. Nikajipongeza na soda kabisa.

Saa nane akaingia Mama Zuhura, katoka kijijini Chiwata. Mumewe, yule mzee wa ngoma niliyekuwa namrekodi, tumemzika mwezi uliopita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimefuata sauti ya Baba Zuhura."

Nikamwekea wimbo, umenyooka, safi. Nikasubiri sifa, mjinga mimi.

"Huo ninao kwenye simu," akasema. "Nataka pale mwanzo, anaponisemesha."

Nikageukia kompyuta, kuitafuta Takataka niliyoifuta asubuhi.

Wazee wetu hawaanzi kuimba hivi hivi. Wanasalimia kwanza, wanawataja wa nyumbani, ndipo ngoma ilie. Mimi hapo huwa nakata!

(Mwenye voisi noti yoyote ya Baba Zuhura, hata ya kuulizia dawa ya mikorosho, naomba anitumie. Sitanii.)

Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Machozi yakamtoka tu.

Kisha akauliza, "Alikuwa anasemaje, unakumbuka?"

Nakumbuka. Nimekikata kipande kile mara ngapi? Nikamwambia kwa sauti yangu hii mbovu:

"Mama Zuhura, usifunge mlango, narudi."

Akajifuta kwa kanga.

"Haya, Baba Zuhura. Sijafunga."