Mkojo Nilioukamua Kwenye Nepi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, katika kituo cha afya kimoja upande wa Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, nikiwa na shahada ya chuo kikuu, binti wa miezi minane na kikombe cha plastiki. Kati ya hivyo vitatu, shahada ndiyo iliyonifaa kidogo kuliko vyote.

Binti huyo, Neema, alikuwa na homa kwa siku ya nne, na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Muuguzi, mama mmoja Mnyasa aliyekaribia kustaafu, akataka mkojo. "Msafishe, subiri, ukinge kabla haujagusa kitu," aliniagiza. Nilisubiri, lakini kila nikigeuka kusalimiana na watu, mtoto keshalowesha nepi ya kitambaa. Mwishowe nikajificha nyuma ya mlango, nikaikamua nepi ndani ya kikombe.

Muuguzi alikiinua dirishani. "Baba Neema, huu umeukinga au umeufua?"

"Nimeukinga, mama."

"Na hizi nyuzi? Mtoto anakojoa pamba?"

Akina mama kwenye benchi walicheka. Yeye hakucheka. Alinieleza taratibu kwamba vijidudu vya kwenye nepi vingedhaniwa ni vya mtoto, naye angepewa dawa isiyo yake, huku ugonjwa wa kweli ukipanda hadi kwenye figo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeshazaa, na bado nilificha.

Basi akamnawisha Neema kwa maji safi, akamwita mke wangu, aliyekuwa amekaa benchini na akina mama wengine, amnyonyeshe. Baadaye mke wangu akamshika makwapani na kumwinua, muuguzi akamgongagonga chini ya kitovu kwa vidole viwili, kama anayebisha hodi kwa jirani mgonjwa. Foleni ilimngoja, hakuharakisha, wala hakuondoa macho. Mkojo wa kwanza aliuacha upite, ukaishia kwenye shati langu. Wa katikati akaukinga, bila kupoteza hata tone.

Kipimo kikaonyesha maambukizi ya njia ya mkojo. Dawa zikaanza siku ileile, na siku ya tatu homa ilikuwa imeisha, Neema ananing'ata kidole. Nimefundishwa na maprofesa wengi, lakini sijaona tena mikono yenye elimu kama ile.

Mwanangu, ukipewa kazi ndogo yenye masharti, masharti ndiyo kazi yenyewe. Ukishindwa, sema, "Nimeshindwa." Utachekwa, kisha utasaidiwa. Mungu akujalie watoto wenye afya. Na homa ikibisha kwako, akukutanishe na mikono kama ya mama yule, nawe akupe ulimi wa kumwambia kweli.